Jukwaa lisilobomolewa: Jerome Bruner na skuli zetu za maandalizi

Umeme ulikuwa umekatika Wete, na joto likatutoa sote vyumbani. Shangazi yangu akatandika mkeka ukumbini, watoto wakamzunguka, akaanza kuwategea vitendawili. "Kuku wangu katagia mibani." Mjukuu wake wa miaka mitano, aliye mwaka wa pili wa maandalizi, akadakia: "Yai!" Wenziwe wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka. "Umesikia katagia ukaona yai, hukwenda mbali," akamwambia. "Lakini huyu kuku wangu hana mbawa. Ana kilemba cha majani." Mtoto akanyamaza, kakunja uso. Shangazi akangoja. Kimya kiliporefuka akaongeza: "Na juzi tulimla hapa hapa, ulimi ukakuwasha ukalia." Mtoto akaruka. "Nanasi!"

Kwa desturi, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji. Shangazi angeweza kudai mji wake, akapewa Tanga au Mombasa, akatoa jawabu mwenyewe na mchezo ukaendelea. Hakudai. Alidokeza, akangoja, akadokeza tena, akangoja, kisha akakaa kando.

Mwaka 1976, huko Uingereza, wataalamu watatu wa saikolojia walichapisha makala juu ya jambo hilo hilo, na makala hiyo bado inasomeshwa katika vyuo vya ualimu duniani kote. Walikuwa David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross. Walichukua watoto 30 wa miaka mitatu, minne na mitano, wakawapa vipande 21 vya mbao vinavyopachikana mpaka vikawa piramidi. Mwalimu alikuwa na sharti moja: asiingilie ila mtoto anapokwama, na akishaona mtoto anakwenda, arudi nyuma. Kwa wa miaka mitatu kazi yake kubwa ikawa kumvuta tu mtoto aipende ile kazi, kwa sababu walikuwa hawana habari na maelekezo yake. Kwa wa miaka minne ikawa kumzindua kwa maneno alipokosea. Wa mitano walihitaji mtu wa kuwaambia "ndivyo" na basi. Msaada wa namna hiyo wakaupa jina kutoka kwa waashi: jukwaa, lile fundi analopanda kujengea ukuta, na ukuta ukisimama analibomoa.

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunalijua jukwaa hilo, na tunalijua la aina nyingine pia. Ziko nyumba kule zilizoegemezwa kwa boriti ili zisianguke huku fundi akisubiriwa. Fundi hakuja. Boriti zikageuka sehemu ya nyumba; watu wanaanikia nguo, watoto wanajifichia hapo wakicheza kibe. Hakuna anayethubutu kuziondoa, kwani nyumba itakwenda nazo. Ninavyoona, skuli zetu nyingi za maandalizi zimejengewa jukwaa la aina hii ya pili, na maisha marefu ya Bruner yananisaidia kueleza kwa nini nasema hivyo.

Alizaliwa New York tarehe 1 Oktoba 1915, wazazi wake Wayahudi waliohamia kutoka Poland, na alizaliwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, mpaka alipopasuliwa akiwa na miaka miwili. Baba yake, aliyekuwa na shughuli ya kutengeneza saa, alifariki wakati Bruner ana miaka 12, na baada ya hapo mama akawa mtu wa kuhamahama, mtoto akibadilisha skuli kila mara. Mimi huwa sipendi wasifu unaotafuta siri ya mtu katika utoto wake, lakini hili la macho linanishinda kuliacha. Mtu aliyeanza kuijua dunia kwa sauti na kwa kupapasa alikuja kuwa mwanasaikolojia wa kwanza kwanza kusema kwamba jicho halipokei tu vitu vilivyo mbele yake. Linaona kwa haja ya mwenye jicho. Mwaka 1947, yeye na Cecile Goodman waliwataka watoto wa miaka kumi walinganishe duara la mwanga na ukubwa wa sarafu. Watoto waliziona sarafu kubwa kuliko zilivyo, na watoto wa maskini waliziona kubwa zaidi kuliko watoto wa matajiri. Anayetaka kulielewa hilo haraka amtazame mtoto aliyepewa shilingi mia mbili siku ya Idi pale Mnazi Mmoja.

Alifariki Juni 2016, umri wake miaka 100 na miezi minane. Katika muda huo alipata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1941, akalitumikia jeshi la nchi yake kwenye vita kwa kazi za propaganda, akarudi chuoni akakuta saikolojia ya Marekani imejifungia na panya wa maabara na zawadi wanazopewa ili wajifunze. Mwaka 1960 yeye na George Miller wakaanzisha Harvard kituo cha kuchunguza namna akili inavyofanya kazi. Hayo yana waandishi wake. Mimi nitashika alivyobadilisha mawazo yake, tena hadharani, akiwa ameshakuwa mtu mkubwa.

Warusi waliporusha angani Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, mwaka 1957, Wamarekani walishikwa na hofu kwamba skuli zao zimelala. Mwaka 1959 wasomi wapatao 35 walikutana Woods Hole, Massachusetts, Bruner akiwa mwenyekiti, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chembamba kilichosomwa kila pembe. Alidai kwamba somo lolote linaweza kufundishwa mtoto wa umri wowote, mradi lifundishwe kwa njia ya kweli inayomfaa. Mtoto arudi kwenye jambo lile lile tena na tena, kila mara kwa kina zaidi. Ndio huo unaoitwa mtaala wa mzunguko.

Mzanzibari akisoma hayo hatashangaa sana. Chuoni, yaani chuo cha Kurani, ndivyo tulivyosoma. Mtoto wa miaka minne anaishika Alhamdu kwa kusikia tu, hajui hata herufi. Kisha anaanza alifu kwa kijiti, anaikuta ile ile Alhamdu imeandikwa. Baadaye anarekebishwa matamshi, na akijaliwa, akiwa mtu mzima, anakaa darsani msikitini kuelezwa maana yake. Sura moja, safari nne. Kwa hiyo wanaosema kuhifadhi ni adui wa kufikiri siko nao. Kasoro inakuja pale mzunguko unapokatika kwenye duru ya kwanza, mtoto akabaki na sauti peke yake, na mwalimu akaihesabu sauti hiyo kuwa ndiyo elimu.

Turudi kwa Bruner. Miaka kumi na moja baada ya kile kitabu, mwaka 1971, aliandika makala ya kujirudi. Alikiri kwamba yeye na wenzake walidhani kila mtoto anafika skuli akiwa na hamu ya kusoma na kwao kumetulia. Hawakumhesabu mtoto wa maskini, wala mtoto Mweusi wa mijini, anayeingia darasani na mzigo ambao mtaala haukuuona. Na wakati huo alikuwa ameshashiriki fikra zilizozaa Head Start, mpango wa serikali ya Marekani ulioanza mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wadogo wa familia maskini.

Pigo jingine lilikuja juu ya kazi aliyoipenda mno. Miaka ya 1960 aliongoza utungaji wa somo la watoto wa miaka kumi juu ya swali la nini kinamfanya mtu awe mtu. Watoto walisoma habari za samaki, ndege na nyani, kisha wakaangalia filamu za maisha ya Wanetsilik, jamii ya Wainuit wa kaskazini mwa Kanada. Lilikuwa somo zuri, na sehemu nyingi lilifundishwa kwa mafanikio. Mwaka 1975 likapigwa vita hadi ndani ya Bunge la Marekani. Wazazi na wanasiasa walisema linawaharibu watoto imani na maadili, fedha zikasitishwa, likafa polepole. Waliompinga walitia chumvi nyingi. Lakini wataalamu nao walilipika somo hilo jikoni kwao, wakamletea mzazi sahani.

Huku kwetu hilo tulishaliona zamani. Skuli ya kwanza ya serikali Zanzibar ilifunguliwa mwaka 1905, na kwa miaka mingi vijiji vilizikwepa skuli hizo kwa kuwa wazee waliona mtoto anatolewa chuoni kwenda kupotezwa. Wakoloni waliandika ripoti juu ya ujinga wa wenyeji. Kurani ilipoingizwa katika ratiba, madarasa yakaanza kujaa. Wazee walikuwa na ubishi juu ya nani ameulizwa, wala si juu ya elimu yenyewe.

Mwaka 1972 Bruner aliondoka Harvard kwenda Oxford, na alikwenda kwa mashua yake mwenyewe ya matanga, akaikata Atlantiki. (Nahodha wa Mkokotoni angemuuliza kwanza amepanda na pepo gani.) Huko ndiko alikofanya kazi inayotuhusu zaidi. Aliacha kumtazama mtoto aliye peke yake mbele ya fumbo, akaanza kumtazama mtoto na mama yake. Walirekodi mchezo tunaoucheza kila nyumba: mama anajifunika uso kwa nguo, anajifunua, mtoto anacheka. Mwanzo mama ndiye anayefanya yote. Baada ya miezi mtoto anaishika nguo, anajifunika yeye, na sasa mama ndiye wa kushangaa. Bruner aliona humo chimbuko la mazungumzo: zamu yangu, zamu yako, na kitu kimoja kati yetu tunachokiangalia sote. Mtoto hajasema neno hata moja, na ameshajua namna ya kuzungumza.

Wakati huo huo alisimamia utafiti mkubwa wa Oxford juu ya vituo vya watoto wadogo nchini Uingereza. Kipande kimoja cha utafiti huo nakipenda kuliko vyote. David Wood na wenzake hawakwenda kuwakagua walimu. Waliwapa vinasa sauti, wakawaambia wajirekodi wenyewe wakiwa na watoto, kisha wakae wasikilize. Walimu wengi walishituka. Walidhani wanazungumza na watoto. Kanda ikawaambia wanaendesha darasa. Kaa hapa, acha hiyo, zamu ya nani, nawa mikono. Maongezi ya kweli, ambayo mtoto anasema jambo na mkubwa anajibu juu ya jambo lile lile mpaka likaenda mbele, yalikuwa machache na mafupi.

Mmoja wa waliofanya kazi naye miaka hiyo ni Kathy Sylva. Bruner, Sylva na Paul Genova walifanya jaribio la watoto wa miaka mitatu hadi mitano: chaki ya rangi imewekwa mbali ndani ya kisanduku, na njia ya kuifikia ni kuunganisha vijiti viwili kwa kibanio. Watoto walioachiwa kwanza kuvichezea vile vijiti walifanya karibu sawa na walioonyeshwa namna ya kuunganisha, na walikuwa wavumilivu zaidi walipokwama. Watetezi wa mchezo wamelitumia jaribio hili kama hirizi. Ni vizuri wajue kwamba miaka ya 1980 watafiti wengine, Tony Simon na Peter Smith, walilirudia wakahakikisha anayewapima watoto hajui nani alicheza na nani alionyeshwa, na ile faida ya mchezo ikapungua hata ikawa haionekani. Mchezo peke yake haufundishi kila kitu. Mtoto anaweza kumwaga vifuu na mchanga asubuhi nzima akarudi nyumbani na mchanga.

Namtaja Sylva kwa sababu miaka baadaye alifika huku kwetu kikazi. Miaka ya 1980 Waislamu wa pwani ya Kenya, walipoona watoto wao wanaachwa nyuma, walimwendea Aga Khan kuomba msaada, na kazi ikaanzia Mombasa ikiongozwa na mwalimu wa hapo hapo, Bi Swafiya Said. Yeye na akina mama aliowafundisha walichukua mbinu za kisasa za kusomesha watoto wadogo wakazichanganya na Kurani, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vya hapa hapa. Mwaka 1990 mpango huo, unaoitwa wa Madrasa, ukaingia Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Jamii ndiyo iliyoomba, ndiyo iliyotoa chumba, ndiyo iliyochagua walimu. Sylva na wenzake, Peter Mwaura na Lars-Erik Malmberg, walikuja kuupima katika nchi zote tatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watoto waliopita skuli yoyote ya maandalizi waliwazidi waliobaki nyumbani, na wale wa skuli za Madrasa walipiga hatua kubwa zaidi.

Kwa hiyo Zanzibar hatukuwa nyuma katika jambo hili. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliyafanya maandalizi ya miaka miwili kuwa sehemu ya elimu ya lazima, ikapunguza msingi kutoka miaka saba hadi sita. Vikaja vituo vya TuTu, Tucheze Tujifunze, mwalimu wa kujitolea na redio chini ya mwembe, watoto wakifuata mchezo unaotoka hewani. Jina lenyewe lingempendeza Bruner.

Basi kwa nini nalalamika? Nalalamika kwa sababu ya neno letu wenyewe, maandalizi. Tumelichukua kwa maana yake nyembamba kuliko zote: kumwandaa mtoto kwa darasa la kwanza. Mzazi anataka kuona buku limejaa. Mwalimu anajua mzazi anataka nini, naye ana watoto hamsini na kitu na chumba kimoja, kwa hiyo anaandika "a" ubaoni, wananakili. Anasoma "a", wanaitikia. Pakiwa na nasari ya kulipia jirani, huko wanafanya hayo kwa Kiingereza, na mwisho wa mwaka kuna mahafali ya watoto wa miaka sita waliovalishwa majoho. Nimeona pia mtoto wa miaka minne akipelekwa tuisheni jioni. Tuisheni ya nini, Mungu ndiye ajuaye.

Kuitikia kwa pamoja ni jukwaa. Halina ubaya, mtoto mwoga anajificha katika sauti za wenzake mpaka akapata yake. Lakini lina haja ya kubomolewa siku moja, mtoto mmoja akaulizwa jambo, akangojewa. Kwetu halibomolewi. Anatoka nalo maandalizi, anaingia nalo msingi, na siku mtihani unapomtaka aseme neno lake mwenyewe nyumba inatikisika, kisha tunamwita mzito.

Najua jawabu nitakalopewa: watoto hamsini huwezi kuwafanyia kama bibi anavyowafanyia watano juu ya mkeka. Ni kweli, na anayedhani idadi ya watoto si kitu hajawahi kushinda na hao hamsini asubuhi moja. Walimu wasaidizi wanahitajika, na walipwe. Huu mtindo wa kuwaita wa kujitolea mwaka baada ya mwaka una aibu yake. Lakini nimeingia pia darasa la watoto kumi na wanane, lina mikeka na vikaragosi ukutani, na wimbo ulikuwa ule ule. Uchache wa watoto haukubadilisha kitu kwa sababu mwalimu hakuwahi kuambiwa kwamba mazungumzo ni sehemu ya kazi. Anakaguliwa kwa azimio la kazi na mabuku.

Bruner katika uzee wake alikuwa akienda Reggio Emilia, mji wa Italia ambako skuli ya kwanza ya watoto ilijengwa na wanakijiji wa jirani mara baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha mwaka 1945 kwa fedha za kifaru, malori na farasi walioachwa na Wajerumani. Walimu wa kule wana kazi ya kuandika wanayoyasema watoto. Wanakaa na kalamu, wanasikiliza, jioni wanasomeana. Mji ule ukamfanya mwananchi wake wa heshima. Mtu aliyeanza na sarafu na mashine za maabara alimalizia kwenye viti vidogo, akisikiliza. Nasi hatuna kifaru cha kuuza, lakini vijiji vyetu vimezoea kunyanyua kuta mpaka kwenye linta na kuiachia serikali kuezeka, kwa hiyo hadithi ile si ngeni kwetu kama inavyoonekana.

Dada yangu anasomesha maandalizi huku Unguja. Nilimsimulia habari ya vile vinasa sauti, akanicheka, akasema siku hizi kila mtu ana kinasa mfukoni. Jumatatu moja akaiweka simu juu ya kabati, akairekodi asubuhi yake dakika ishirini. Jioni tulikaa barazani kwake kuisikiliza. Dakika kumi za mwanzo ni yeye na kwaya. Ba, bi, bu. Kaeni vizuri. Nani anapiga kelele? Ba, bi, bu. Kiasi cha dakika ya kumi na mbili inasikika sauti ndogo karibu na simu, ya mtoto wa kiume, haina haraka: "Ticha, kunguru nao wana skuli?" Halafu sauti ya dada yangu: "Angalia ubaoni."

Hakukumbuka kabisa kuulizwa. Aliirudisha akaisikiliza tena, akajaribu kumtambua ni mtoto gani, tukabishana majina mawili matatu, mpaka adhana ya magharibi ikatukatiza.